Pua za Chama

Asubuhi walipoipaka dohani rangi ya kijani, Mama Chumvi alisimama katika uwanja wa kiwanda cha ngozi, ndoo mkononi, akatazama juu hadi shingo ikamuuma. Mafundi wawili walikuwa wamening'inia kwa kamba, brashi zao zikipanda na kushuka, na juu ya vichwa vyao moshi mweusi ulikuwa ukitoka kama kawaida yake, mzito, ukijikunja kama mkia wa mnyama mgonjwa. Moshi wenyewe haukupakwa rangi. Mama Chumvi akatema mate pembeni, jambo ambalo angemkaripia mtu mwingine kwa kulifanya, akaenda zake kwenye ngozi.

Jina lake halisi lilitamkwa siku ya mshahara tu. Siku nyingine zote alikuwa Mama Chumvi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkubwa wa kitengo cha chumvi, mahali ambapo ngozi mbichi hupokelewa zikiwa bado na damu, hutandazwa, husuguliwa chumvi na kupangwa moja juu ya nyingine. Kutoka hapo huenda kwenye mashimo ya chokaa ili zing'olewe manyoya, kisha kwenye mapipa ya maji ya moto. Maji hayo ya moto ndiyo yaliyoleta maneno. Zamani boila, tanuri la kuyachemshia, ilikula kuni. Kuni zilipoadimika, mwenye kiwanda akaanza kuilisha matairi, soli za viatu vikuukuu na vipande vya ngozi visivyofaa, na boila, kama mlafi yeyote, haikukataa kitu.

Wakati huohuo joto lilikuwa limezidi. Chini ya mapaa yale ya bati watu walianza kuzimia kando ya mapipa, wakiburutwa kwapani hadi kivulini na kumwagiwa maji. Mvua nazo zilikuwa zimepotea njia. Ziliporudi zilikuja kwa fujo, mashimo yakafurika, na uji mweupe wenye manyoya ukatambaa hadi barabarani wapitapo watoto wa shule. Ndipo Shirikisho la vyama vya wafanyakazi lilipomtuma Mjumbe wake. Alikuwa mwanamke mpana wa mabega, aliyewahi kuendesha mtambo wa lami kabla ya kuingia katika mambo ya vyama, na sauti yake bado ilikuwa ya mtu anayeshindana na injini.

"Jua linatuunguza bure," aliwaambia. "Basi nalo lifanye kazi! Lichemshe maji huko juu ya paa, na boila ing'olewe. Kila tawi litamke lenyewe kama moshi wa kiwanda chake una madhara. Mkitamka kwamba unayo, mmeingia katika madai ya pamoja na wenzenu wote, na sharti letu la kwanza ni kwamba asiachishwe kazi mtu hata mmoja. Mkitamka kwamba hauna, mwenye kiwanda atalitundika neno lenu ukutani, nasi hatutakuwa na la kusema."

Mwenyekiti wa tawi, aliyeitwa Kola kwa sababu ya kola za mashati yake zilizosimama wima hata wakati wa joto lile, alitabasamu kama mtu aliyeulizwa swali alilolisoma jana.

"Sisi tuna utaratibu wetu, dada," akasema. "Hatuhitaji mitambo ya kupimia. Tuna Pua."

Hakuwa akitania. Tangu enzi za waasisi wa tawi, shimo lilipotakiwa kuingiwa na kusafishwa, wanachama watatu waliokaa kazini kuliko wote walisimama ukingoni wakanusa. Gesi ya mashimo hunuka kabla ya kuua. Pua zikikataa, hakuna aliyeshuka, hata meneja angelia machozi. Ilikuwa heshima kubwa kuwa Pua. Watu walikupisha njiani, na vikao havikuanza bila wewe. Wakati huo Pua walikuwa Mama Chumvi, Babu Chokaa wa mashimoni, na mchuna nyama za ngozi aliyeitwa Kisu.

Palikuwa na desturi nyingine iliyokwenda sambamba na hiyo. Mgeni kazini hufunga kitambaa usoni, kwa maana harufu humpasua kichwa, na kwa ajili ya kitambaa hicho huitwa bibi harusi, awe mwanamume au mwanamke. Hutaniwa, huulizwa mahari, huimbiwa. Siku atakayoweza kula chakula chake cha mchana ukingoni mwa shimo bila kitambaa, wote humpigia makofi na kupaza sauti, "Umekomaa!" Kuanzia hapo huhesabiwa kuwa mtu.

Basi Pua zikaitwa chini ya dohani, na tawi zima likakusanyika kuwatazama. Rangi ya kijani ilikuwa haijakauka. Meneja alikuja na leso puani akidai kwamba ana mafua. Mama Chumvi alifumba macho, akavuta pumzi hadi vifungo vya gauni vikakaza, akasubiri.

"Hamna kitu," akasema.

"Hewa safi kabisa, kama ya mlimani," akasema Babu Chokaa.

"Kama walivyosema wenzangu," akasema Kisu, bila kuinua kichwa.

Nyuma yao mtu akapasuka kwa kikohozi. Alikuwa bibi harusi mmoja, mwanamke wa makamo aliyekuwa fundi cherehani kabla duka lake halijafungwa. "Mnanusa nini, wazee wangu?" akauliza kwa sauti iliyobanwa na kitambaa. "Mimi macho yananitoka!"

"Nyamaza, bibi harusi! Subiri siku ya kufunuliwa!" akamjibu mmoja, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Mama Chumvi naye alicheka. Baadaye kicheko hicho ndicho kilichomkaa kooni kuliko kitu kingine chochote.

Neno la Pua likaenea mtaani kabla ya jua kutua: hewa ni safi, wakubwa wamenusa. Kola akatangaza kwamba litasomwa rasmi mbele ya Mjumbe siku ya sherehe ya kukitangaza kiwanda kuwa cha kijani, na kwamba kutakuwa na nyama.

Siku yake ya mapumziko Mama Chumvi alikuwa nyumbani na mkwewe. Mwanawe alikuwa mbali akitafuta kazi ambayo haikuwa ikitafuta mtu, kwa hiyo mshahara wa chumvi ndio uliowalisha wote watatu: yeye, mkwe, na mjukuu aliyekuwa bado akitambaa. Mtoto huyo alikuwa na kifua. Alikohoa kikohozi kikavu, cha kizee, kisicholingana na umbo lake.

"Mama, niangalizie maharage," alisema mkwe, akimfunga mtoto mgongoni. "Nakwenda kumtafutia huyu dawa, sikawii."

Mama Chumvi akaketi kwenye kigoda, mgongo ukiwa umeelekea jiko, akashona kiraka cha gauni lake la kazi. Alishona kwa utulivu, kama kushona kwake kote kulivyokuwa, mishono midogo iliyonyooka. Aliwaza mambo ya chama. Aliwaza namna Mjumbe atakavyomtazama Pua zitakapotajwa. Mara mlango ukafunguliwa kwa kishindo.

"Mama! Jamani, mama! Hata husikii?"

"Nini tena?"

"Nyumba nzima inanuka! Hata majirani wametoka nje wanaulizana!"

Mkwe aliikimbilia sufuria akaitua kwa upindo wa kanga. Maharage yalikuwa makaa matupu. Mama Chumvi akasogea, akainama, akaingiza uso wake wote ndani ya sufuria ile. Joto lilimpiga mashavuni. Harufu haikuja. Akavuta tena. Akaiendea nepi ya mtoto iliyolowa, akaisogeza puani, haikuja. Akakata kitunguu; macho yakamwaga machozi, pua ikakaa kimya kama mgeni asiyejua lugha. Mwishowe akatoka uani, akalichukua gauni lake jingine la kazi, lile ambalo mkwe hulibeba kwa ncha ya fimbo, akajifunika nalo uso mzima.

Alisimama hivyo kwa kitambo, gauni usoni, kama bibi harusi.

"Mwanangu," akasema alipojifunua, "kila jioni ukiniambia nisimame uani nivue kabla sijaingia, huwa nanuka?"

Mkwe alimtazama akitafuta mzaha usoni mwake, asiuone. "Mama, mimi nilidhani unajua."

"Mimi nilidhani una madaha."

Akalitundika gauni kambani.

"Na moshi wetu," Mama Chumvi akauliza polepole, "unanukaje?"

Mkwe akaketi chini na mtoto. "Nikwambie kweli? Kama mtu aliyechoma nywele, viatu na paka mfu katika sufuria moja, kisha akaifunika ili iive vizuri. Nikifunga madirisha huyu anakohoa kwa joto. Nikifungua anakohoa kwa moshi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini, na nyinyi ndio Pua? Mtaa mzima umeambiwa hewa ni safi. Jirani sasa anadhani ni mimi nisiyefua." Akampangusa mtoto mdomo. "Usinikasirikie, mama. Boila ile ikiendelea hivi, nitamchukua nimpeleke kwa mama yangu. Sitaki kukuacha peke yako, ila huyu simwachi akaushwe kama ngozi."

Kinyaa kilimpanda Mama Chumvi. Hakikuhitaji pua. Alikumbuka rangi ile mbichi ya mafuta, iliyokuwa ikichuruzika mbele ya uso wake pale aliponusa chini ya dohani. Hata rangi! Mtoto wa siku moja angeisikia. Naye alifumba macho kwa madaha yote ya ukubwa wake akatamka kwamba hamna kitu.

Kesho yake alimwokota panya nyuma ya ghala la chumvi. Panya mwenyewe alikuwa amekufa zamani, tumbo limepasuka, funza wakicheza ndani yake. Akamfunga katika kitambaa safi akamfuata Babu Chokaa kwenye benchi lake.

"Babu, nimekuletea kitu. Fumba macho unuse, kisha uniambie ni nini."

Babu Chokaa alipenda zawadi. Akafumba macho, akavuta kwa matundu yote mawili ya pua. "Mkate," akasema.

"Nusa vizuri."

"Mkate wa siagi," akasema kwa uhakika zaidi, akalamba midomo.

Mama Chumvi akakifungua kitambaa. Babu Chokaa alifumbua macho, akaruka hadi kofia ikamdondoka. "Una wazimu, mwanamke? Mtu mzima huyu unamchezea hivi?" Kisha akaketi tena. Akamtazama panya, akamtazama mwenzake. "Na wewe je?"

"Na mimi vilevile."

"Basi tumekwisha," akasema mzee, akaiacha kofia yake palepale mavumbini.

Kisu, walipomwendea, hakushtuka hata kidogo. Aliendelea kukwangua nyama kwenye ngozi. "Kumbe mlikuwa hamjui?" akawauliza. "Kila aliyekomaa ndivyo alivyo. Mnadhani mtu huacha kitambaa kwa ushujaa? Huacha kwa sababu pua imekufa, tukampigia makofi."

"Na Kola anafahamu?" akauliza Mama Chumvi.

"Kola ndiye aliyenipeleka kwa daktari wa kiwanda. Akaniambia nifunge mdomo wangu, maana kanuni ya usalama haimruhusu mtu asiyesikia harufu kukanyaga mashimoni wala kwenye chumvi. Nami nikaufunga. Nina watoto wa kulisha."

Ofisi ya chama ilikuwa chumba pekee chenye feni. Kola alimkaribisha Mama Chumvi kwa mikono miwili, akamvutia kiti, kisha, bila kufikiri, akakivuta chake nyuma na kupitisha leso yenye manukato chini ya pua. Yeye hakuwahi kufanya kazi mashimoni. Alipanda cheo kutokea getini. Pua yake ilikuwa nzima kabisa. Mama Chumvi aliitazama ile leso, na sasa alielewa kwa nini hakuwahi kumwona bila hiyo.

"Ulituita ukijua," akasema.

"Kujua nini, mama yangu?"

"Usiniite mama yako. Ulijua kwamba pua zetu zimekufa, ukatusimamisha mbele ya watu tunuse."

Kola alishusha sauti. "Sikiliza. Boila ikizimwa leo, nani ajuaye kesho? Shirikisho linapita, kiwanda kinabaki. Mimi nalinda ajira za watu."

"Mjumbe amesema hataachishwa kazi mtu."

"Wajumbe husema mengi." Akanyoosha kola yake. "Na wewe, ukisimama ukatangaza mambo ya pua yako, kanuni ni kanuni. Mshahara wa nani utamnunulia mjukuu wako dawa? Nyamaza, mama. Neno la Pua limekwisha kutoka. Nyama imekwisha agizwa."

Alipotaja nyama, macho yake yaling'aa. Mama Chumvi akainuka kwenye kiti. Mtu yule aliona siku iliyokuwa inakuja, akaona nyama tu.

Siku ya sherehe joto lilikuwa la kukaanga. Meza zilipangwa chini ya dohani ya kijani, nyama ikakaa katika masinia tangu asubuhi, mainzi wakiwa wageni wa kwanza kuketi. Viongozi walivaa fulana za kijani, na jasho lilikuwa tayari limechora ramani migongoni mwao. Kando ya ukuta palikuwa na safu ya miche iliyopandwa kwa ajili ya picha. Ilikuwa imemwagiliwa maji ya mashimoni, nayo ilikuwa imelala yote upande mmoja. Juu, boila ilivuta matairi yake bila aibu.

Meneja alisema. Kola alisema zaidi. Mwishowe akamgeukia Mama Chumvi, sauti imejaa asali. "Na sasa, mkubwa wetu, liseme lile neno la Pua, Mjumbe alisikie kwa masikio yake."

Mama Chumvi akainuka. Alimwona mkwewe ng'ambo ya uzio, miongoni mwa watu wa mtaani, mtoto mgongoni.

"Neno lile nimelitema," akasema. "Lilikuwa matapishi. Mimi sisikii harufu. Sisikii ya maharage yanayoungua, sisikii ya nepi, sisikii hata yangu mwenyewe. Nilinusa hapa, rangi mbichi ikiwa mbele ya uso wangu, wala sikuisikia. Mlimuuliza kipofu rangi ya nguo."

"Mama amechoka na jua," akasema Kola haraka. "Mpatieni maji."

"Sitaki maji. Nataka mabibi harusi wasimame."

Watu wakatazamana. Mmoja akaanza kucheka, akaona kwamba yuko peke yake, akaacha.

"Wote wenye vitambaa, simameni! Tumewacheka bure. Tuliwapigia makofi watu kwa kufiwa na pua zao, tukaita kukomaa. Pua za chama hiki ni nyinyi. Haya, nuseni, mtuambie."

Fundi cherehani ndiye aliyesimama kwanza. Alifungua kitambaa chake, akavuta pumzi moja, na kabla hajatamka neno akainama akatapika, palepale kando ya meza ya viongozi. Fulana ya meneja ikapata sehemu yake.

"Nadhani nimejibu," akasema, akijifuta mdomo. Kisha akaongeza, "Ni mbaya, ndugu zangu. Ni mbaya tangu siku ya kwanza, nami nilidhani ubaya ni wangu."

Wakasimama wengine, safu kwa safu, na kila mmoja alisema yake: nywele, mpira, mzoga. Ng'ambo ya uzio watu wa mtaani walikuwa wakiitikia kama wanaosikia habari zao zikisomwa.

Ofisa wa usalama, kijana mwenye kalamu sikioni, akamkaribia Mama Chumvi. "Mama, umesema mbele ya watu. Kanuni inanibana. Kwenye chumvi hutaweza kurudi."

"Andika," akasema.

"Niandike na mimi," akasema Babu Chokaa, akiinuka kwa fimbo yake. "Mimi nilimwita panya mkate."

Wakasimama wakubwa wengine. Si wote. Kisu aliinamia sahani yake akaendelea kutafuna, asimtazame mtu. Lakini waliosimama walitosha kumfanya ofisa airudishe kalamu sikioni. Angewaondoa wote hao, ngozi zingeoza zenyewe hadi getini.

Mjumbe alikuwa amekwisha panda juu ya benchi. "Tawi limetamka?" akanguruma.

"Limetamka!"

"Moshi una madhara?"

"Unayo!"

"Basi mko ndani." Akamgeukia meneja aliyekuwa akijipangusa. "Nawe utanijibu hapahapa mbele yao. Hawa waliopoteza pua zao katika kazi yako utawapeleka kwenye ghala kavu, kwa mshahara uleule, au kesho pasiingie ngozi hata moja hapa?"

Meneja aliitazama dohani, akaitazama fulana yake, akaitazama halaiki. "Ghala kavu," akasema. "Mshahara uleule. Na hilo la boila tutakaa tuzungumze."

"Tutakaa kesho," akasema Mjumbe. "Asubuhi."

Aliyepiga makofi wa kwanza alikuwa Kola. Alipanda kwenye benchi kando ya Mjumbe, akauinua juu mkono wa Mjumbe pamoja na wake, akatangaza kwamba tawi lake siku zote limekuwa mstari wa mbele katika kupigania hewa ya watoto wetu, na kwamba yeye binafsi ndiye aliyewaza mambo ya paa na jua. Wapo waliomshangilia. Mama Chumvi aliwatazama hao kwa kinyaa kilekile, hakupunguza hata chembe. Alikuwa amelinda kazi yake na kifua cha mjukuu, angalau hadi kesho asubuhi. Hakuwa ameahidi kumpenda mtu.

Baadaye, watu walipokuwa wakitawanyika, Kola alimletea sahani. "Kula, mama yangu. Tumeshinda."

Mama Chumvi aliipokea kwa kuwa alilelewa kupokea. Aliitazama nyama ile, yenye mng'ao wa kijani ukingoni ambao pengine ulikuwa mwanga wa dohani na pengine haukuwa. Hakuwa na njia ya kujua. Akaenda hadi kwenye uzio alipokuwa mkwewe, na paka wa kiwanda, paka ambaye alikuwa akila masazo ya mashimoni tangu alipozaliwa, akamfuata miguuni. Akamwekea sahani chini.

Paka akanusa. Akaisogeza nyama kwa mguu, akanusa tena, akawageuzia mgongo akaenda zake.

Kule mezani Kisu alikuwa akiongeza sahani ya pili.

"Twende nyumbani, mama," akasema mkwe, akijifunika pua kwa upindo wa kanga. "Lakini utavulia uani."

"Nitavulia uani," akasema Mama Chumvi. "Na kila siku uniambie ninanukaje. Usinifiche."